Kiti cha Abiria cha Konokono

Jumanne, 4 Machi

Kwako Maneno,

Jina lako la nyumbani silijui. Kidoti alikuita Maneno, nami nakuita hivyo hivyo, usichukie. Mimi ni mama yake. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha iliyokuwa kwenye sanduku lake la kalamu.

Nadhani habari ulizipata. Mwanangu alituacha mwezi wa kumi, siku ya Ijumaa asubuhi, mvua ikiwa imekatika hivi punde. Kile kifua kilichomlaza mwaka mzima ndicho kilichomshinda. Sikuandikii kukulaumu kwa kutokuja. Wewe uko mbali, safari ya siku mbili.

Nakuandikia kwa sababu ya Konokono. Katika sanduku nimekuta daftari la kuchorea lenye kurasa nane zilizojaa, na nadhani ndio mwisho wa ile hadithi yenu ya gari linaloitwa hivyo, yeye akichora na wewe ukiandika. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, nikakaa kwenye cherehani, na hadi leo nashona viti vya magari. Mambo ya sanaa siyajui. Lakini hizi kurasa nane nimezielewa bila kuambiwa na mtu. Konokono anatoka baharini, anapita kwenye handaki, anapanda kilima cha kwetu, anafika getini. Mwisho kabisa ni meza yangu, cherehani yangu, na kikombe cha chai kinachofuka mvuke. Dereva amerudi nyumbani.

Tangu nilione daftari hili napata usingizi. Nilitaka tu mtu mwingine ajue.

Mimi,
Mama Kidoti


Jumamosi, 15 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole sana, Mama. Nimeandika sentensi hii mara nne na bado ni fupi. Habari zilinifikia zikiwa zimechelewa, ndiyo maana hukuniona.

Huenda hujui kwamba mimi na Kidoti hatukuwahi kuonana. Tulijuana kwa sababu ya magari. Miaka sita iliyopita niliandika kwenye ukurasa wa barua wa jarida la vibonzo, nikasema kwamba hakuna kitu kinachoshinda safari za kwenye manga na anime, vibonzo na katuni za Kijapani: pikipiki inayoteleza kwa ubavu hadi cheche zinaruka, meli inayopasua mawingu. Toleo lililofuata akanijibu msomaji aliyejiita Kidoti. Alisema nimesahau safari iliyo bora kuliko zote, ile ya garimoshi la behewa moja, mtu amekaa dirishani, hasemi kitu, nyaya za umeme zinapanda na kushuka nje, na kituo kinapita bila abiria. "Hapo ndipo wanapokuachia nafasi ukae," aliandika. "Huyu bwana anapenda kelele. Bila shaka ni mtu wa maneno."

Jina likabaki. Mwaka uliofuata alinitumia mchoro wa gari la magurudumu matatu lililobeba nyumba mgongoni, akaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo. Tumetoa sura kumi na moja.

Mama, nina ombi. Kazi yangu ni kusahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji, kalenda na madaftari ya shule, na Konokono ndicho kitu pekee nilichowahi kuandika kikapendwa. Mhariri wa jarida anasubiri sura ya kumi na mbili hadi katikati ya Mei. Ikipita hapo, hadithi itabaki imekatikia njiani na ukurasa wetu watapewa wengine. Tafadhali nitumie daftari. Nitaweka maneno kama siku zote, nalo nitakurudishia salama.

Mwanao,
Maneno


Jumatano, 26 Machi

Mwanangu Maneno,

Marahaba. Daftari hilo linakuja. Nimelifunga kwa sponji na ngozi bandia nikashona pembeni, kwa hiyo usije ukachukua kisu. Fumua uzi mwekundu tu, litafunguka lenyewe. Sina jingine la mkono wake, unajua.

Umenikumbusha hizo katuni. Jioni tukishakula alikuwa ananiwekea za Kijapani, yeye anatazama watu, mimi natazama viti. Siku moja likaja lile dubwana la chuma, refu kama mnara, mtu anakaa kifuani mwake analiendesha. Nikamwambia, "Chuma chote hicho, halafu dereva wamemkalisha kwenye ubao. Mgongo utapona huo?"

Akasema, "Mama, dunia inaangamia, wewe unatafuta sponji."

Nikamwambia, "Na isipoangamia, watu watakaa wapi?"

Alicheka hadi akashika mbavu. Lakini uangalie, tangu hapo hakuchora gari lenye kiti cha ovyo.

Konokono mwenyewe ni wa kweli. Ni kigari chetu cha magurudumu matatu, marehemu baba yake alikinunua cha kubebea viti. Nikishapanga viti mgongoni na kufunga turubai, mtu wa mbali anaona nyumba inatembea. Mwendo wake nao, kuku walikuwa wanatupita. Kidoti alikaa kiti cha abiria kila siku ya shule. Kile kitambaa cha kijani kilipochakaa nilikifumua, nikakigeuza ndani nje, nikashona upya. Ndivyo tunavyofanya mafundi, upande wa ndani haujaona jua, unakuta bado mpya. Alikuwa na miaka sita, amesimama hapo na begi lake. Akaniuliza, "Kumbe kilikuwa na upande mwingine muda wote huu?"

Injini ilishakufa zamani. Gari lipo uani, na kiti kipo.

Matoleo yenu yote kumi na moja nimeyasoma, usidhani. Ila watu wenu wana tabia ya kujibu kabla hawajaulizwa. Mtu anasema, "Hapana, sijala," kisha mwenzake ndiyo anamuuliza, "Umekula?" Nikadhani ndivyo wanavyoongea Wajapani, nikaheshimu.

Kwenye hizi kurasa nane sijaona mahali pa kuweka maneno. Lakini wewe ndiye mwenye kazi yako.

Mama Kidoti


Alhamisi, 10 Aprili

Mama,

Shikamoo. Daftari limefika bila hata mkunjo. Uzi mwekundu nimeuhifadhi. Yale ya Wajapani kujibu kabla ya kuulizwa nimewasimulia wenzangu kazini, tumecheka sana. Sikujua kama Mama ni mtani hivi.

Nimetoa kopi ya kurasa zote nane na kuandika maneno juu yake. Nakutumia uzione wewe kwanza, kabla ya Mhariri. Penye kikombe cha chai nimeandika: "Chai itapoa, sitaweza kuingoja." Getini: "Usitoke nje, Mama, kuna umande." Kwenye handaki nimeacha giza liseme lenyewe. Na mwisho kabisa, baharini: "Huku barabara imeisha. Twende hivyo hivyo."

Naona ndivyo angependa aagane nasi. Natumaini nawe utapenda.

Maneno


Alhamisi, 17 Aprili

Maneno,

Kopi nimezipata. Nimekaa nazo siku tatu, hata kiti cha mteja nimekishona kombo.

Mimi nilikutumia mtoto anayerudi nyumbani. Wewe umenirudishia mtoto anayeondoka, na chai umeiacha ipoe. Umechukua mwisho ukaufanya mwanzo. Kama nina kosa nililokufanyia, ungeniambia kwa mdomo wako kama mtu na mama yake, nisingekasirika.

Usimpelekee Mhariri. Nirudishie daftari langu.

Mama yake Kidoti


Jumatano, 23 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujanikosea lolote. Kosa ni langu, na ni la zamani.

Vibonzo vya Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kitabu kinafunguliwa upande ule ambao sisi tunauita nyuma, na ukurasa unaanzia pembe ya kulia. Mimi na Kidoti tuliamua kufuata hivyo hivyo tangu sura ya kwanza, na wasomaji wetu wamezoea. Sikuwahi kufikiri kwamba yupo msomaji mmoja, aliye nyumba moja na mchoraji, ambaye hakuna aliyemwambia. Na ulipoandika habari za watu kujibu kabla ya kuulizwa, nikacheka kama mjinga badala ya kuelewa.

Kwa hiyo, Mama, kwa njia yetu sisi, kikombe ndio mwanzo na bahari ndio mwisho. Konokono anaondoka. Nilifikiri nisikuambie, lakini umeniambia niseme kama mtu na mama yake.

Sasa sikiliza. Barua yako ilipofika nililiweka daftari mezani, nikalifungua kwa kushoto, nikasoma kama unavyosoma wewe. Halafu nikasoma tena. Kwenye sura zile kumi na moja kila ukurasa una picha sita au saba zimepangana juu na chini, ukizisoma kinyume zinavurugika. Kwenye hizi nane kila ukurasa una picha moja, au mbili kando kwa kando. Kwenye zile nyingine Konokono tunamwona kwa nje, pua yake mbele, moshi nyuma. Humu hakuna hata mahali pamoja panapoonyesha pua. Ukiacha picha ya meza, tumo ndani ya gari muda wote, tunaona kiti, mkono kwenye usukani, na dirisha la ubavuni. Mlango wa gari uko wazi na mguu mmoja uko chini. Anapanda? Anashuka? Nimetazama mpaka macho yameuma, sijui.

Nimewahi kusahihisha makosa ya watu wengi. Hili sijui kama ni kosa.

Lipo na jingine. Habari za msiba hazikuchelewa. Nilizipata siku ile ile. Sikuja kwa sababu niliona aibu. Mwezi wa sita Kidoti aliniandikia mstari mmoja: "Sura ya mwisho haitaki maneno." Mimi nikaelewa kwamba hanitaki. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kwamba bila maneno yangu yeye ni mchora magari tu, amtafute fundi wa gereji amsomee. Hakunijibu, nami nikakaa nikingoja aniombe radhi, miezi minne, hadi nikasikia.

Daftari nitalirudisha. Maneno yangu nimeyafuta. Lakini Mhariri anasema kurasa zisizo na maneno hazichapishiki, wasomaji watadhani wamepunjwa. Sijui mwanao alikusudia nini.

Maneno


Jumanne, 29 Aprili

Mwanangu,

Alikusudia. Nitakuambia nilivyojua.

Mwezi wa tano alikuwa hawezi tena kukaa wima muda mrefu. Nilikuwa nashona chumbani kwake ili asikae peke yake, na mkono ukichoka nilimsomea matoleo yenu kwa sauti. Nikaanzia kushoto, kama msomaji yeyote. Nikasoma, "Hapana, sijala. Umekula?" Basi mtoto akacheka, akakohoa, akacheka tena, nikamshika mgongo. Nikasema, "Ngoja nisome vizuri, labda nimeruka mstari." Akanishika mkono. "Endelea hivyo hivyo, Mama. Usibadilishe." Nilidhani anacheka sauti yangu.

Siku chache baada ya hapo ndipo akaomba daftari jipya.

Unaona sasa kwa nini hakutaka maneno? Maneno yana upande mmoja, ukiyageuza yanaharibika, umeyaona mwenyewe na ile habari ya kula. Picha alizishona ili zigeuzike. Wewe na wasomaji wenu mngemwona anaondoka, kwa sababu ni kweli alikuwa anaondoka, na hakutaka kuwadanganya. Na mimi nikifungua kwa kushoto nimwone anafika, chai bado ya moto. Ni kile kitambaa cha kijani. Nilikifumua mbele yake akiwa na miaka sita, nami nikadhani anatazama tu.

Kwa hiyo hakukutoa kwenye gari. Alikuwa ananitafutia mimi nafasi.

Mwambie Mhariri hivyo. Ukimwambia kwa adabu atasikia, naye si ana mama?

Sasa na mimi nina langu. Ile barua yako mbaya niliiona siku ya kwanza. Ndiyo iliyokuwa kwenye bahasha niliyotolea anwani. Sikukuuliza, nikasema mwenyewe ataitapika siku ikifika. Umeitapika, yamekwisha.

Lakini si hilo. Jumatano, siku tisa kabla hajaondoka, aliniomba bahasha na stempu. "Kuna kitu cha Maneno nataka kiende leo." Nilikuwa na viti vya gari la shule vya kumalizia. Nikamwambia kesho. Kesho yake tukaamkia hospitali. Kitu chenyewe ni barua yako ile ile, amechora nyuma yake. Ningekutumia tangu Machi. Niliogopa kwamba ukishaipata hutakuwa na sababu ya kuniandikia tena, na kwa nyumba hii sasa hivi barua ni mgeni wa maana. Nisamehe, mwanangu. Kesho yangu ile imekuchelewesha miezi sita.

Ipo humu ndani. Usiikunje.

Mama Kidoti


Jumatatu, 12 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisomea ngazini kiwandani, nikashindwa kupanda wala kushuka.

Ni kiti cha abiria. Amekichora kwa mbele, pamoja na mshono wako na ile pembe iliyochubuka ambapo begi lake la shule lilikuwa linasugua. Kitupu. Chini ameandika kwa penseli: "Maneno, sogea, umekalia rangi zangu." Baada ya yale niliyomwandikia, hilo tu ndilo alilonishtakia.

Nimekwenda kwa Mhariri mwenyewe, sikupiga simu. Nikaliweka daftari mezani pake, nikamwambia asome kwa kulia, kisha kwa kushoto. Alipomaliza akavua miwani. Akasema, "Sasa jina lako tuliweke wapi, na humu hujaandika kitu?" Nikamwambia aandike tu kwamba nilikuwa abiria. Akasema hiyo si kazi. Nikamwambia ndiyo kazi niliyopewa.

Itatoka bila maneno, Mama. Kurasa zote nane, na hazitawekewa namba.

Daftari sitalituma kwa posta. Mwisho wa mwezi nina likizo ya wiki moja. Kama hutajali, nitalileta mwenyewe, na ningependa kukaa kidogo kwenye kiti kile uani. Nitaangalia nisikalie kitu cha mtu.

Mwanao,
Maneno


Alhamisi, 22 Mei

Mwanangu Maneno,

Marahaba. Jarida limefika jana. Nimesoma kwa kushoto, amerudi. Halafu nikajipa moyo nikasoma kwa kulia, mara moja tu, nikamsindikiza hadi baharini. Sikulia sana. Kisha nikarudi tena kwa kushoto, maana siwezi kumwacha huko.

Njoo. Kiti nimekipangusa, springi moja nimeibadilisha, ilikuwa inachoma. Kitambaa sijakigusa. Nikikigeuza mara ya pili utakuwa umerudi ule upande wa kwanza, na ule umeshachoka, tuuache upumzike.

Ukishuka kituoni uliza fundi wa viti, kila mtu anajua. Chai nitaiweka nikisikia geti.

Na siku utakayorudi kwako, na siku nyingine zote baada ya hiyo, ukimfungua Konokono mfungue mara moja kwa kushoto, hata kama hakuna anayekuona. Hapo unikumbuke.

Mama yako,
Mama Kidoti